Denis Burkitt: Mpasuaji Aliyeijua Mipaka ya Kisu

Neno saratani liliingia katika Kiswahili kutoka Kiarabu, na maana yake ya asili ni kaa, mnyama yule wa ufuoni mwenye magando na miguu iendayo kombo. Wayunani wa kale nao waliupa ugonjwa huo jina la kaa, kwa kuwa waliona uvimbe uliozungukwa na mishipa iliyotanuka kama miguu ya mnyama huyo. Sitiari hii imeishi kwa zaidi ya miaka elfu mbili, na si vigumu kuona kwa nini haijachakaa. Daktari anayeukata uvimbe huondoa gamba la kaa, lakini aghalabu miguu hubaki imejichimbia mwilini, na baada ya muda kaa huumbika upya. Maisha ya Denis Parsons Burkitt, aliyefanya kazi nchini Uganda kwa miaka 20 na ambaye jina lake limebaki katika vitabu vya tiba ulimwenguni kote, ni maisha ya mpasuaji aliyelazimika kukiri kwamba ustadi wa mkono wake haukutosha kumng'oa kaa huyo.

Burkitt alizaliwa tarehe 28 Februari 1911 mjini Enniskillen, kaskazini mwa Ireland. Baba yake, James Burkitt, alikuwa mhandisi wa wilaya, mtu wa barabara na madaraja. Saa zake za mapumziko alizitumia kwa jambo ambalo majirani huenda waliliona kuwa la ajabu: aliwanasa ndege wadogo wenye kifua chekundu, akawavisha vipete vya chuma miguuni, kisha akachora ramani kuonyesha kila ndege alitawala sehemu gani ya bustani. Kazi hiyo ilimpatia heshima miongoni mwa wataalamu wa ndege. Ramani hizo zinastahili kukumbukwa hapa, kwa sababu mwana naye alikuja kuchora za kwake.

Akiwa na umri wa miaka 11, Denis alipigwa jiwe usoni katika ugomvi wa watoto na akapoteza jicho la kulia. Mwaka wa 1929 alijiunga na Chuo cha Trinity mjini Dublin ili asomee uhandisi kama baba yake. Huko aliingia katika kikundi cha wanafunzi waliokutana kwa sala, imani yake ikapata moto mpya, na akaamini kwamba ameitwa kuwa tabibu. Alihitimu shahada ya udaktari mwaka wa 1935, na mwaka wa 1938 akafaulu mtihani wa wapasuaji wa Edinburgh. Alipoomba kazi ya serikali ya kikoloni huko Afrika Magharibi alikataliwa. Mtu wa jicho moja hakuhesabiwa kuwa anafaa. Vita vya Pili vya Dunia ndivyo vilivyomfungulia mlango. Alijiunga na kikosi cha madaktari wa jeshi la Uingereza mwaka wa 1941, na miongoni mwa nchi alizopelekwa ikawamo Kenya. Jina la Burkitt halikuwa geni nchini humo: ami yake, Roland Burkitt, alikuwa daktari mpasuaji mashuhuri mjini Nairobi tangu mwaka wa 1911. Denis alimwoa Olive Rogers mwaka wa 1943, na baada ya vita, mwaka wa 1946, akapewa hospitali ya Lira katika wilaya ya Lango, kaskazini mwa Uganda.

Lira ndipo tabia yake ya kuchora ramani ilipojitokeza kwa mara ya kwanza. Miongoni mwa wagonjwa aliowapasua walikuwamo wanaume wengi wenye busha. Daktari mwingine angewapasua tu na kuwaruhusu waende zao. Burkitt aliwauliza walikotoka, akagundua kwamba wengi walitoka mashariki ya wilaya na wachache mno magharibi. Alilihusisha jambo hilo na minyoo inayoenezwa na mbu, ile ile iletayo matende. Ugunduzi huu haukumpatia sifa kubwa, lakini ulimfunza kuuliza swali moja ambalo hakuliacha hadi kufa kwake, yaani ugonjwa huu unapatikana wapi, na wapi haupatikani. Mwaka wa 1948 alihamishiwa Mulago, hospitali kuu ya Kampala na mahali pa kufundishia madaktari wa Chuo cha Makerere.

Siku moja mwaka wa 1957, Hugh Trowell, daktari mwenzake wa Mulago, alimwita amtazame mtoto wa kiume wa umri wa miaka mitano hivi. Uso wa mtoto ulikuwa umefura pande zote mbili, taya la juu na la chini, na meno yalikuwa yamelegea na kupinda. Burkitt hakuwahi kusoma popote habari za uvimbe unaoshika pembe nne za mataya kwa mpigo mmoja. Aliupiga picha na kubaki ameduwaa. Wiki chache baadaye, akiwa katika ziara ya kikazi huko Jinja, alimwona kupitia dirishani mtoto mwingine mwenye uso kama ule, ameketi nje na mama yake. Alitoka akamchunguza, akakuta tumboni pia mna uvimbe. Jambo likimtokea mtu mara moja huweza kuwa ajali, lakini likijirudia linamdai mtu aketi na kulifikiria. Burkitt alirudi Mulago akafungua majalada ya watoto waliokwisha kulazwa, akaona kwamba uvimbe wa mataya, wa figo, wa ini na wa mayai ya uzazi, ambao madaktari walikuwa wakiuandika kwa majina mbalimbali, mara nyingi ulitokea kwa pamoja katika mwili wa mtoto mmoja. Makala yake ya kwanza kuhusu uvimbe huo ilitoka mwaka wa 1958 katika jarida la wapasuaji la Uingereza, na wasomaji wake hawakuitilia maanani sana. Wanapatholojia wa Kampala, akina Jack Davies na Greg O'Conor, ndio waliokuja kuthibitisha kwamba ni limfoma, yaani saratani ya chembe za kinga za mwili.

Ni vyema kutua hapa na kusema wazi kwamba ugonjwa haukuzaliwa siku Burkitt alipouona. Albert Cook, mmisionari aliyeanzisha hospitali ya Mengo mwaka wa 1897, alikwisha kuandika habari za watoto wenye uvimbe wa taya miongo mingi kabla yake. Na kabla ya Cook walikuwapo akina mama waliokesha na watoto hao vibandani, wakawapeleka kwa waganga, wakawazika. Sayansi ina desturi ya kumpa jina yule aliyeandika. Hata hivyo Burkitt anastahili sifa yake kwa sababu aliviona vipande vilivyotawanyika kuwa kitu kimoja, na kwa sababu hakuishia kwenye kuandika.

Aliyekuwa mpasuaji alijaribu kwanza kupasua. Katika miaka hiyo ya 1950 hapakuwa na njia nyingine mbele yake: alikata sehemu za taya, akaondoa alichoweza kukiona na kukigusa, akashona. Mara nyingi mtoto alipona kidonda lakini hakupona ugonjwa. Limfoma hii ni miongoni mwa saratani zinazokua kwa kasi kubwa kuliko zote zilizowahi kupimwa kwa binadamu; seli zake huweza kuongezeka maradufu katika muda wa siku moja au mbili. Kwa hiyo masalia yasiyoonekana kwa jicho, yaliyobaki kando ya mkato au yaliyokwisha kusambaa hadi tumboni na kwenye uti wa mgongo, yalikuwa uvimbe mpya kabla ya kovu kukauka. Wengi wa watoto hao walifariki katika muda wa miezi michache. Kwa mtu aliyeamini kwamba mikono yake imetolewa wakfu kwa uponyaji, hilo halikuwa jambo jepesi kulikiri. Lakini Burkitt alilikiri mapema, na akaachana na upasuaji mkubwa wa mataya.

Kukiri huko kulimwelekeza njia mbili kwa wakati mmoja. Ya kwanza ilikuwa kutafuta chanzo, na ya pili kutafuta tiba.

Kuhusu chanzo alianza na barua. Alichapisha vipeperushi vyenye picha za watoto wagonjwa na kuvituma kwa hospitali nyingi za serikali na za misheni barani Afrika, akiuliza kama wamewahi kuona uvimbe wa namna hiyo. Majibu yalipofika alichomeka pini katika ramani iliyotundikwa ukutani. Ukanda ukajichora wenyewe kukatiza katikati ya Afrika, ukiwa na mkia ulioteremka upande wa mashariki hadi Msumbiji. Ili ajue ukingo wa ukanda huo, Oktoba 1961 alianza safari pamoja na madaktari wawili wamisionari, Ted Williams na Cliff Nelson, katika gari la Ford lililokwisha kutumika, lililonunuliwa kwa pauni 250. Kwa wiki kumi walisafiri maili 10,000, wakipita Tanganyika, Nyasaland, Rhodesia na Msumbiji hadi Afrika Kusini, wakisimama katika kila hospitali iliyokuwa njiani, wakionyesha picha na kuuliza. Mwanzoni ilidhaniwa kwamba kinachoamua ni mwinuko wa ardhi. Baadaye, kwa msaada wa Alexander Haddow wa taasisi ya utafiti wa virusi ya Entebbe, ilibainika kwamba mwinuko ulikuwa kivuli tu cha joto: ugonjwa ulikosekana mahali ambapo baridi hushuka chini ya nyuzi 16 hivi za Selsiasi, na pia mahali ambapo mvua ya mwaka haifikii milimita 500 hivi.

Msomaji anayeifahamu Kathonzweni na nyanda za chini za Makueni na Kitui ataielewa ramani hiyo bila kufafanuliwa. Joto lipo la kutosha, lakini mvua huja kwa kusitasita, mbaazi na ndengu zikikauka mashambani kabla ya kukomaa. Kwa mizani ya Burkitt, nchi ya namna hiyo ilikuwa pembezoni mwa ukanda, tofauti na kando ya Ziwa Viktoria na mwambao wa Bahari ya Hindi ambako ugonjwa ulishamiri. Sababu ikaja kueleweka hatua kwa hatua. Mwaka wa 1964, Gilbert Dalldorf na wenzake, waliokuwa wameuchunguza ugonjwa huo nchini Kenya, waliunyoshea kidole ugonjwa wa malaria. Mwaka huo huo mjini London, Anthony Epstein pamoja na Bert Achong na Yvonne Barr walitangaza kwamba wameona kirusi kipya katika seli za uvimbe kwa hadubini ya elektroni. Epstein alikuwa amemsikiliza Burkitt akihutubia katika hospitali ya Middlesex tarehe 22 Machi 1961, na tangu hapo vipande vya uvimbe vilikuwa vikisafirishwa kwa ndege kutoka Kampala hadi kwake. Leo inafahamika kwamba kirusi hicho, kinachoitwa Epstein-Barr, huwaingia watu karibu wote duniani bila kuwadhuru sana. Ni pale kinapokutana na mwili wa mtoto uliodhoofishwa na malaria ya mara kwa mara ndipo hatari ya limfoma hii inapoongezeka.

Njia ya pili, ya tiba, ndiyo iliyobeba uzito wa maisha ya watoto wenyewe. Katika nchi tajiri za wakati ule, daktari aliyeshindwa kuumaliza uvimbe kwa kisu aligeukia mionzi. Kampala haikuwa na mashine ya mionzi. Burkitt hakuwa na pa kugeukia isipokuwa dawa, na dawa za saratani zilikuwa bado changa. Mjini Boston, mwaka wa 1948, Sidney Farber alikuwa ametangaza kwamba watoto wenye saratani ya damu walipata nafuu ya muda walipopewa dawa inayojifanya kuwa asidi ya foliki. Seli inayotaka kujigawa huhitaji vitamini hiyo. Ikipokea mwigo wake, hukwama. Dawa ya jamii hiyo, methotreksati, ilitokana na kazi ya wanakemia waliokuwa chini ya Yellapragada Subbarow, Mhindi aliyefanya kazi Marekani na kufariki mwaka wa 1948 bila kuonja matunda ya jasho lake. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, Joseph Burchenal na Herbert Oettgen kutoka New York walifika Afrika Mashariki wakitafuta ugonjwa wa kuijaribia dawa hiyo mahali ambapo wagonjwa hawakuwa wamekwisha kupitia mionzi. Walimpa Burkitt methotreksati.

Matokeo yaliwashangaza wote. Uvimbe uliokuwa umeziba jicho la mtoto ulisinyaa katika muda wa siku chache, hata mama akaweza kuitambua tena sura ya mwanawe. Baadaye Burkitt alipata dawa nyingine, siklofosfamidi kutoka Ujerumani na vinkristini, aghalabu kwa hisani ya makampuni yaliyozitengeneza, na akiba yake ilikuwa ndogo. Wagonjwa wengine walipewa dozi moja au mbili tu, kwa sababu dawa ilikuwa haba au kwa sababu wazazi walipoona uvimbe umetoweka walimbeba mtoto wao wakarudi kijijini. Kwa kanuni za Ulaya na Marekani, tiba ya namna hiyo ilikuwa pungufu, na ilitarajiwa kwamba ugonjwa ungerudi. Kwa wengi ulirudi. Lakini wachache hawakuurudia tena, na Burkitt alihakikisha kwa kuwatafuta, akilinganisha nyuso za watoto wakubwa na picha alizowapiga walipokuwa wagonjwa. Mwaka wa 1967 alichapisha habari za waliokaa miaka bila ugonjwa baada ya dozi moja au mbili tu za dawa. Alishuku kwamba kinga ya mwili yenyewe ilikuwa imemalizia kazi iliyoanzwa na dawa. Kwa dunia ya tiba iliyozoea kuamini kwamba dawa za saratani huahirisha tu kifo, hiyo ilikuwa habari nzito: saratani ilikuwa imepona kwa dawa peke yake.

Hapa pana hoja inayohitaji kuangaliwa kwa makini, maana wasifu nyingi za Burkitt huipita mbio. Ufanisi wake ulizaliwa na ukosefu. Kama Kampala ingekuwa na mashine ya mionzi, watoto hao wangemulikwa kwanza, na huenda uwezo wa dawa ungechelewa kujulikana. Hata hivyo ni kosa kuugeuza ukosefu huo kuwa baraka. Kwa kila mtoto aliyepona kwa dozi moja walikuwapo wengine ambao ugonjwa uliwarudia, na katika idadi hiyo wamo ambao dawa zaidi, au dawa na mionzi pamoja, zingeweza kuwaongezea siku. Burkitt mwenyewe hakudai kwamba dozi ndogo ndiyo tiba bora. Alitoa alichokuwa nacho.

Wengine katika Afrika Mashariki walikuwa wakilijaribu swali hilo hilo kwa njia nyingine. Mjini Nairobi, Peter Clifford, mpasuaji wa masikio, pua na koo katika hospitali ambayo baada ya uhuru iliitwa Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, alitumia dawa kali za jamii ya haradali ya naitrojeni. Kwa kuwa dawa hizo ziliharibu uboho, aliutoa uboho wa mgonjwa kwanza, akauhifadhi, kisha akamrudishia baada ya dawa. Alichapisha habari za jaribio hilo mwaka wa 1961. Hospitali ya Kenyatta ilipopata huduma ya mionzi mnamo 1968, Clifford alishirikiana na wataalamu kutoka Sweden, akiwamo Torbjörn Norin, kuitumia kwa watoto wenye limfoma ya Burkitt. Waligundua kwamba dozi ya mionzi inayotolewa mara moja kwa siku, kama ilivyo desturi, iliachia seli nafasi ya kuzaana kati ya kikao na kikao. Walipoigawa siku katika vikao kadhaa, uvimbe ulisinyaa vyema zaidi.

Nje ya Afrika, saratani ya figo ya watoto inayojulikana kwa jina la Wilms ndiyo iliyotoa mfano bora wa kuziunganisha tiba. Kisu pekee kiliwaponya wachache. Farber, Giulio D'Angio na wenzao wa Boston walionyesha katika miaka ya 1950 na 1960 kwamba figo yenye uvimbe ikishatolewa, mionzi ikamulika mahali ilipokuwa, na dawa iitwayo daktinomisini ikapitishwa katika damu, watoto wengi hawakurudiwa na ugonjwa. Mantiki yake inaweza kuelezwa kwa lugha ya mkulima. Kisu hung'oa kisiki. Mionzi huchoma mizizi iliyobaki katika kipande kile cha ardhi, lakini haifiki nje ya mipaka ya moto. Dawa hufuata mbegu zilizopeperushwa na upepo hadi shamba la jirani. Isitoshe, D'Angio aliona kwamba dawa hiyo huzifanya seli ziumizwe zaidi na mionzi, kwa hiyo viwili hivyo vikikutana huzidisha nguvu, na vilevile madhara, jambo linalomlazimu daktari apime kwa uangalifu. Saratani ya Wilms haichagui kati ya nchi kame na nchi ya mvua, na mtoto wa Kathonzweni anaweza kuipata sawa na mtoto wa Kisumu.

Burkitt aliondoka Uganda mwaka wa 1966. Mwaka uliofuata, kituo cha kutibu limfoma kilifunguliwa Mulago kwa ushirikiano wa Makerere na taasisi ya taifa ya saratani ya Marekani, chini ya John Ziegler. Ndicho kilichokua na kuwa Taasisi ya Saratani ya Uganda. Swali lililoachwa na Burkitt, yaani jinsi ya kuuzuia ugonjwa usirudi, likawa kazi ya kila siku ya kituo hicho. Iligunduliwa kwamba ugonjwa ulikuwa na maficho: ubongo na uti wa mgongo, ambako dawa inayopita katika damu hupenya kwa shida. Mtoto alionekana mzima, mataya yamerudi katika umbo lake, kisha ghafla jicho linakataa kufumba au miguu inapooza. Madaktari wakaanza kuidunga methotreksati moja kwa moja katika maji ya uti wa mgongo. Baada ya Ziegler kuondoka mwaka wa 1972, wakati wa utawala wa Idi Amin, uongozi ulishikwa na Charles Olweny, Mganda, ambaye pamoja na wenzake walijaribu pia kumulika ubongo na uti kwa mionzi ili kuziba maficho hayo. Matokeo waliyoyachapisha katika miaka ya 1970 yalikuwa ya kuvunja moyo: mionzi hiyo haikuzuia ugonjwa kurudi huko. Ni ushahidi kwamba kuunganisha tiba si kurundika tu silaha. Kilichofaa figo ya Wilms hakikufaa ubongo wa mtoto mwenye limfoma. Na kisu nacho, ambacho Burkitt alikiweka kando, kilirudi kwa mlango mwingine. Mwaka wa 1974, Ian Magrath na wenzake wa Kampala walionyesha kwamba watoto wenye uvimbe wa tumboni waliotolewa sehemu kubwa ya uvimbe kabla ya dawa walikuwa na matumaini zaidi kuliko wengine. Mpasuaji hakufukuzwa katika chumba cha tiba ya saratani. Alipunguziwa madaraka na kupewa wenzake.

Nchini Uingereza Burkitt aligeukia somo jingine kabisa. Kutokana na mafunzo ya Peter Cleave na urafiki wake na Trowell, alianza kuhubiri kwamba maradhi mengi ya utumbo katika nchi tajiri, ikiwamo saratani ya utumbo mpana, yanatokana na vyakula vilivyokobolewa na kukosa makapi. Kitabu chake cha mwaka wa 1979 kuhusu makapi katika chakula kiliuzwa sana. Mtu aliyekulia isyo ya Ukambani, mahindi mazima yaliyochemshwa na maharage, hangehitaji kushawishiwa. Baadhi ya madai yake yalikuja kupunguzwa makali na tafiti za baadaye, kwani alipenda kulinganisha nchi na nchi bila kuyatenga mambo mengine yanayotofautiana baina yao. Udhaifu huo ulikuwa pacha wa nguvu yake: mchora ramani huona mipaka mikubwa, na huweza kukosa kuona mtu mmoja mmoja ndani yake.

Heshima hazikukosekana. Mwaka wa 1972 aliingizwa katika Chama cha Kifalme cha Uingereza, na mwaka huo huo alikuwa miongoni mwa waliotunukiwa Tuzo ya Lasker kwa kazi ya kutibu saratani kwa dawa, pamoja na Burchenal, Ziegler na Victor Anomah Ngu, mzaliwa wa Kameruni aliyewatibu watoto wa Ibadan kwa ugonjwa huo huo. Majina ya watoto hayamo katika orodha yoyote. Wamebaki katika picha, uso uliovimba upande mmoja wa ukurasa na uso uliopona upande wa pili, na mama zao waliokaa kando ya kitanda kwa wiki na miezi, mbali na mashamba yao, hawakupigwa picha.

Tiba ya mionzi hasa ndiyo inayodai subira hiyo ya mzazi. Sindano huweza kutolewa leo na nyingine baada ya wiki mbili au tatu. Mionzi huhitaji kurudi kwenye mashine siku tano kwa juma, aghalabu kwa majuma kadhaa mfululizo. Kwa miongo mingi mashine pekee ya umma nchini Kenya ilikuwa katika Hospitali ya Kenyatta, na mzazi wa Kathonzweni, Mutomo au Kibwezi aliyeambiwa kwamba mwanawe aliyekwisha kupasuliwa amulikwe ili ugonjwa usirudi, alilazimika kutafuta mahali pa kulala Nairobi, zaidi ya kilomita mia moja kutoka kwake, na mtu wa kumwachia mbuzi na watoto wengine. Kidonda kikiwa kimepona na mtoto akicheza, haikuwa rahisi kuona haja ya kukaa. Ndivyo walivyofanya wazazi wa watoto wa Burkitt miaka ya 1960, na si kwa ujinga.

Burkitt alifariki tarehe 23 Machi 1993 katika mji wa Gloucester, akiwa na umri wa miaka 82. Mashine ya kwanza ya mionzi ilianza kazi Mulago mwaka wa 1995. Iliharibika kabisa mwaka wa 2016, na hadi nyingine ilipozinduliwa mwaka wa 2018, wagonjwa wa Uganda waliohitaji kumulikwa walitafutiwa nafasi Nairobi.